Taa Ikizima

Rustavi, mwezi wa tatu. Tope mpaka kwenye vifundo,
na magari elfu yamejipanga foleni isiyokwenda popote.
Yameshushwa melini Poti yakiwa yamekunjamana:
hili pua, lile ubavu,
lile lilikunywa mafuriko Louisiana likaanikwa juani.
Sisi huyanyoosha. Tamazi bodi, Vazha rangi,
mimi nyaya.

Miaka kumi na tisa.
Nikifungua mlango, kwanza nanusa.
Maji ya mafuriko hayatoki kitini hata ukimwaga manukato.
Chini ya mazulia nimeokota
risiti ya maziwa, kiatu cha mtoto, jino.
Jino sikumwambia mtu.

Jumamosi alikuja mama mmoja, Eteri,
mwalimu wa jiografia kutoka Khashuri,
pesa zake ndani ya soksi ya sufu.
Hakupiga tairi teke
kama wafanyavyo wanaume wasiojua lolote.
Hakuuliza limetembea kilomita ngapi
(afadhali; geji tuna kijana wa kuirudisha nyuma, dakika nane tu).
Aliuliza, "Hili gari ni salama?"

Nikawasha. Taa nyekundu ya mfuko wa hewa ikawaka,
moja, mbili, tatu, nne, tano,
sita,
ikazima.
"Umeona?" nikamwambia. "Taa ikizima, gari ni zima."

Sasa nikwambie wewe.
Ndani ya usukani ule hapakuwa na mfuko.
Ulipasuka huko ulikotoka, usoni mwa mtu nisiyemjua,
ukamaliza kazi yake ya maisha yote
kabla jicho halijafumba.
Mpya ni kodi yangu ya miezi minne.
Mahali pake niliunga rezista,
ndogo kuliko punje ya mchele,
yenye neno moja la kuiambia kompyuta:
nipo.
Nipo, nipo, nipo.
Gari halijui kusema uongo. Sisi ndio tuliolifundisha.

Ajali haina kinga, husema Tamazi akihesabu noti.
Hii ilikuwa nayo. Tundu lake nililiziba mimi, kwa gundi.

Eteri akaketi nyuma ya usukani,
akauwekea kiganja katikati, pale pale,
akakiacha hapo kama anayepima homa.
"Si mimi nitakayeendesha," akasema. "Ni Lasha, mwanangu.
Kila Ijumaa anampeleka bibi yake kusafishwa damu,
anapita Rikoti, kuna barafu, kuna malori."

Sijui ni kile kiganja au ni lile jino.
Nilichukua bisibisi, nikabandua kifuniko,
nikamwonyesha utupu.
Tamazi alitema mate chini, akaenda zake; mpaka leo
hunisalimia kwa nyusi.

Nilidhani atalia. Nilidhani atanitukana,
soksi airudishe kifuani, apande basi arudi Khashuri.
Aliliangalia lile shimo kwa muda,
kama mwanafunzi aliyekosea jina la mto.
Kisha akasema:
"Kwa hiyo unapunguza kiasi gani?"

Mia tisa. Tulibishana mpaka mia tisa na tairi mbili za baridi.
Ukweli nao una bei, na bei yake hupanda
na kushuka kama ya nyanya.
Ninalipa sehemu yangu mimi, alisema, Mungu alipe iliyobaki.

Kabla hajaondoka nilikata ile rezista kwa koleo.
Sikumdai.
Gari likatoka langoni na taa yake nyekundu inawaka,
ikahesabiwa sita, saba, ishirini,
haikuzima.

Ijumaa saa mbili usiku simu ikalia.
Sauti ya kijana, nyuma yake kifuta kioo kinakwaruza,
na mwanamke mzee anauliza wamefika wapi.
"Fundi, hii taa inanikera. Haizimi. Niifunike na karatasi?"

Usiifunike, Lasha.
Uko kilomita ngapi?
"Themanini."
Punguza.